Dakika Nne za Magharibi

Ukipita Kisenyi, Kampala, saa tisa alasiri, wakati mafundi wa gereji wamechoka kugonga mabati na jua linaingia vumbini hadi barabara nzima inakuwa na rangi ya chai ya maziwa, utamkuta Lanyero mlangoni mwa duka la Hajji Zuhair. Amekaa kwenye kigoda, kisanduku cha plastiki mapajani, bisibisi mkononi, na macho yake yako mahali pengine kabisa. Mimi naitwa Taqwa, nauza vitambaa mlango wa pili. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mgonjwa. Nilimpelekea maji. Akayanywa, akanishukuru, akaniambia alikuwa anahesabu tu. Ndivyo anavyofikiri: anatulia kama mtu anayetazama mvua dirishani, na jibu linamjia lenyewe likiwa tayari.

Baba yake, Ocaya, alikuwa sajini wa polisi, mtu wa Kitgum. Lanyero alikulia kambini Nsambya, miongoni mwa watoto wa kila kabila la kaskazini, na Kiswahili ndicho kilikuwa lugha yao ya kuchezea na kugombania. Alisoma kompyuta chuoni, kisha akaja Kisenyi kwa kazi ya wiki mbili ya kutengeneza amplifaya. Wiki hizo mbili sasa zinakaribia miaka tisa. Anaishi Kyebando peke yake, Jumapili anasali kwa Wakatoliki, na siku nyingine zote anahudumia saa za misikiti.

Hajji Zuhair anauza spika, nyaya na betri za sola, lakini kitu kinachomfanya ajulikane ni hiyo saa ya adhana. Ni kisanduku chenye tarakimu nyekundu kinachotundikwa ukutani msikitini. Ndani yake kuna kompyuta ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, inayohesabu mwendo wa jua la kila siku na kutaja nyakati tano za sala. Wakati ukifika inalia mlio mfupi, muadhini anasimama. Misikiti ishirini na miwili ya Kampala inaitumia, na mwezi wa Ramadhani ukiingia, karibu na magharibi, kila jicho linakuwa kwenye tarakimu zile.

Siku moja mteja alimuuliza Hajji imekuwaje binti wa Kiacholi, tena Mkatoliki, ndiye anayewaambia Waislamu jua limezama saa ngapi.

"Yeye anajua hesabu," Hajji alimjibu. "Wewe unaijua?"

Mteja akanunua spika yake akaondoka.

Sasa niseme kilichotokea Ramadhani ile.

Programu ya kuhesabu jua iliyokuwa ndani ya saa zile ilikuwa na upungufu wa tangu zamani, na mafundi wote waliujua. Toleo la tatu lilihesabu jua kana kwamba dunia haina hewa. Lanyero alinieleza jambo hili siku moja tukiwa tumekaa, na sijawahi kulitazama jua vilevile tena. Alisema jua linapogusa ukingo wa dunia, lile tunaloliona si lenyewe. Lenyewe limeshashuka. Hewa inaupinda mwanga wake na kutuinulia, kwa hiyo kwa dakika chache tunatazama kitu ambacho kimeshaondoka. Dini inafuata jua linaloonekana. Toleo la tatu lilifuata jua lililoondoka, likataja magharibi karibu dakika nne mapema. Kwa sababu hiyo Lanyero alikuwa akiongeza dakika nne kwa mkono katika kila saa, na miaka yote mambo yalikwenda sawa.

Mwezi wa Shaabani likatoka toleo jipya, nne nukta mbili. Walioliandika walitangaza kwamba sasa hewa imo ndani ya hesabu, na wanaoongeza dakika kwa mkono waziondoe. Lanyero alifurahi. Alizunguka misikiti yote ishirini na miwili kwa wiki mbili, akaliweka toleo jipya, akaziondoa zile dakika nne.

Ndani ya kompyuta za aina ile kuna programu moja ambayo kazi yake ni kusimamia nyingine. Inazileta, inaziweka, inaziondoa, na ukiiuliza kilichomo inakutajia jina na toleo. Mafundi wanaiita meneja wa vifurushi. Lanyero aliiita karani. Katika kila msikiti, kabla ya kufunga kisanduku, alimuuliza karani ni toleo gani lililomo, karani akajibu nne nukta mbili, na Lanyero akaweka alama ya vyema kwenye daftari. Alama ishirini na mbili. Kisha mwezi ukaandama, tukaanza kufunga.

Siku ya kumi, baada ya adhuhuri, Hajati Mwanawetu alishuka kutoka ghorofa ya tatu. Yeye ni shangazi yake Hajji Zuhair, amepita miaka sabini, fundi wa kushona kanzu, na ukoo wao umekuwepo Kampala tangu mababu walipofika na misafara ya kutoka pwani. Mwezi wa Rajabu alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Kabla ya hapo, kwa miaka mitano au sita, alikuwa akitunga uzi sindanoni kwa kupapasa.

"Lanyero mwanangu," alisema, "saa yenu inawahi."

"Inawahi vipi, Hajati?"

"Mimi nafuturu kule juu paani. Nikikaa pale naona ncha ya mnara wa Old Kampala. Zamani, macho yangu kabla hayajaingia ukungu, adhana ya msikiti wetu ikiisha, na ile ncha inazima. Sasa adhana inaisha, nakula tende, nakunywa uji, nanawa mikono, na ncha bado ina jua."

Hajji Zuhair aliinua kichwa kutoka kwenye waya aliokuwa akiupima. "Shangazi, daktari alisema mwanzoni utaona mwanga mwingi kuliko kawaida."

"Alisema mwanga mwingi. Hakusema nitaona jua ambalo halipo."

Lanyero hakubishana naye. Msikiti wetu, ule mdogo nyuma ya gereji, uko karibu kiasi kwamba saa yake inafikika kwa mtandao kutoka dukani. Alifungua kompyuta, akamuuliza karani wa saa ile, na jibu likaja palepale. Akamgeuzia Hajati kioo.

"Tazama, Hajati. Nne nukta mbili. Ni toleo jipya."

Hajati aliinama, akakitazama kioo kwa lile jicho lake safi. "Naona maandishi," alisema. "Sioni jua. Njoo juu jioni."

Lanyero alipanda. Mimi sikuwepo, nilikuwa chini natayarisha futari, lakini amenisimulia mara nyingi hata naiona kama niliyekuwepo. Paani kulikuwa na kamba za nguo, mapipa ya maji, na mkeka. Mji ulikuwa umenyamaza kwa namna unavyonyamaza dakika za mwisho za funga, wakati hata honi za bodaboda zinakuwa chache. Moshi wa chapati ulipanda wima. Kilima cha Namirembe kilikuwa kimeshalificha jua kwa upande wetu, na Kisenyi yote ilikuwa kwenye kivuli cha rangi ya zambarau, mabati, mabango, matairi yaliyopangwa, watu waliokaa mbele ya sahani wakingoja. Ncha ya mnara peke yake, huko juu kilimani, ilikuwa inang'aa kama kipande cha shaba.

Saa moja kamili muadhini aliadhini. Hajati alisema bismillahi, lakini hakuigusa tende. Alikuwa ameikunja mikono kwenye mapaja.

"Hufuturu, Hajati?"

"Tangu juzi nangoja ncha."

Lanyero aliogopa kidogo aliposikia hivyo. Akatoa simu, akaanza kuhesabu. Adhana ikaisha, ncha inang'aa. Chini watu wanakula, vijiko vinagonga bakuli, ncha inang'aa. Kisha, kutoka upande wa soko la chini, adhana nyingine ikaanza, ya msikiti ambao saa yake Lanyero aliiweka mpya mwaka uliopita. Ilipoisha hiyo, mwanga ukaipanda ncha, ukawa mstari mwembamba, ukatoka. Hajati akachukua tende.

"Mnara uko juu, Hajati," Lanyero alisema, akitafuta njia. "Unaliona jua baada yetu sisi."

"Najua mwanangu. Ndiyo maana nimekwambia adhana ikiisha, si ikianza. Kula sambusa."

Lanyero alikula, lakini anasema hakuonja kitu. Msikiti mmoja na mwingine kutofautiana dakika moja ni kawaida, muadhini mmoja anakohoa, mwingine anatafuta kipaza sauti. Dakika nne si kukohoa.

Asubuhi alikwenda kwa Sheikh Nasser, imamu wa msikiti wetu, akamwomba aishushe saa ukutani kwa ukaguzi. Sheikh hakuuliza mengi. Lanyero akaileta dukani, akaiweka mezani kando ya nyingine mpya iliyokuwa ikingoja mnunuzi. Alimuuliza karani wa ile ya msikiti: nne nukta mbili. Alimuuliza karani wa ile mpya: nne nukta mbili. Kisha akaziuliza zote mbili magharibi ya siku ileile, mahali palepale. Moja ikasema saa moja kamili. Nyingine ikasema saa moja na dakika nne.

Nilimwona kutoka dukani kwangu. Aliviweka viganja vyake juu ya visanduku viwili, kimoja kila upande, kama mtu anayepima homa ya watoto pacha. Cheche za kulehemu zilikuwa zinaruka ng'ambo ya barabara na mwanga wake wa buluu ulimpiga usoni na kumwacha, ukampiga na kumwacha. Hakutikisika. Anasema alihisi kama yuko ndotoni, katika zile ndoto ambapo mtu anakujibu kwa sauti ya ndugu yako na uso si wake.

Ndipo alipompigia baba yake. Mzee Ocaya amestaafu, yuko Kitgum analima karanga, na kila asubuhi Lanyero humjulia hali. Siku hiyo alimweleza na habari ya saa, kwa kuwa hakuwa na jingine kichwani.

"Huyo karani," mzee aliuliza, "yeye anakaa wapi?"

"Mulemule ndani, baba. Anaweka orodha ya vitu alivyoviingiza."

"Anaangalia orodha, ama anaangalia vitu?"

Lanyero alivitazama tena visanduku viwili mezani.

"Nsambya pale," mzee aliendelea, kwa Kiswahili chake cha kambini, "asubuhi nilikuwa naita majina. Naita, mtu anajibu 'yuko afande'. Kitabu inasema arobaini. Siku moja OC, mkubwa wetu, anakuja, anasema, Ocaya, funga kitabu, hesabu vichwa. Vichwa thelathini na saba. Wenzao walikuwa wanawajibia. Wewe umesoma kitabu, mama. Watu umehesabu?"

Alimwita "mama" kwa sababu Lanyero amechukua jina la bibi yake mzaa baba.

Baada ya simu hakumuuliza karani tena. Aliiuliza programu yenyewe iliyokuwa ikihesabu, ikiwa kazini, ni faili gani imelifungua. Ikamwonyesha folda ambayo hakuwa ameifikiria kwa miaka. Kompyuta zile zina sehemu mbili za kuweka programu: moja ya karani, na moja ya vitu ambavyo fundi anaviweka kwa mkono wake bila kupitia kwa karani. Programu inapotafuta kitu, inaanza kutafuta katika ile ya mkono. Ikikipata hapo haiendelei. Na hapo palikuwa na toleo la tatu nukta moja, limekaa salama. Karani alikuwa ameleta toleo jipya kweli, ameliweka kwenye rafu yake kweli, na kila alipoulizwa alijibu kuhusu rafu yake. Hakuna aliyewahi kulifungua.

Kando ya faili lile kulikuwa na maandishi mafupi. "Ya muda tu. Nitaondoa. Lanyero." Tarehe yake ilikuwa ya mwaka wake wa kwanza Kisenyi. Wakati ule programu ile haikuwa bado kwa karani, na visanduku sita vya kwanza alivitengeneza hivyo, kwa mkono, mlangoni pale pale. Aliposoma alimkumbuka yule msichana aliyeandika, mwembamba, mwenye hofu ya kukosea, na akamwonea huruma kama si yeye.

Visanduku sita, siku kumi, na dakika nne ambazo alikuwa ameziondoa yeye.

Aliwahi kuniambia kitu ambacho hakukiri kwa Hajji. Kulifuta faili lile kulichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Baada ya kulifuta, saa ya msikiti ikasema saa moja na dakika nne, sawasawa na mwenzake. Ingewezekana kuirudisha ukutani, kuzunguka misikiti mitano iliyobaki kwa kisingizio cha kupangusa vumbi, na hakuna mtu angejua. Aliyekuwa ameona ni bibi mmoja mwenye jicho lililotoka kufanyiwa operesheni, na hata mpwa wake hakumwamini. Alikaa na wazo hilo mpaka kivuli cha bango kikamfikia miguuni. Kilichomwondoa hapo ni kumfikiria Hajati juu paani, mikono imekunjwa, ameacha kufuturu na watu, anaanza kujiuliza kama jicho lake jipya linamdanganya.

Akaingia ndani akamwambia Hajji Zuhair kila kitu kuhusu saa zile.

Hajji alikaa chini. "Misikiti sita," alisema. "Na mimi ndiye niliyewauzia." Kisha akauliza, "Shangazi amejua?"

"Yeye ndiye aliyejua kwanza, Hajji."

"Basi twende kwa Sheikh. Nami nitakuja."

Sheikh Nasser aliwapokea barazani, amevaa miwani ya kusomea. Alisikiliza bila kukatiza. Lanyero alieleza ya rafu mbili kwa kutumia sahani na bilauri zilizokuwa hapo, kwa sababu maneno ya kompyuta yalikuwa yanamkwama.

"Siku ngapi?" Sheikh aliuliza.

"Kumi. Leo nimeisahihisha kabla ya magharibi."

"Na una hakika hii ya leo ni sawa? Si karani tena anayesema?"

"Simsikilizi tena, Sheikh. Nimeuliza hesabu yenyewe."

Sheikh alivua miwani. Alisema kuna wanazuoni wanaosema aliyefungua kwa kudhani jua limezama hana deni la kulipa siku hiyo, na wengi zaidi wanasema atailipa. Yeye mwenyewe atalipa siku zake zote kumi, na atawaambia watu kauli zote mbili wachague. "Nitatangaza baada ya alasiri," alisema. "Jina lako si lazima."

"Ni afadhali nijitaje," Lanyero alisema. "Wakisikia kwa njia nyingine watasema nilifichwa."

Nilikuwepo alasiri ile, upande wa wanawake. Sheikh alipomaliza kueleza, watu walianza kuhesabu siku kwa vidole. Nami nilikumbuka jioni zangu kumi, sahani yangu ya kachori, ile furaha ya kutia kitu kinywani, na nikahisi kama mtu aliyeambiwa kwamba aliamka, akaoga, akavaa, kumbe bado alikuwa amelala. Kisha nikamwona Lanyero amesimama nje mlangoni, karibu na viatu, kitambaa kichwani.

"Ni mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini tulimsikia. "Niliambiwa na mashine nikaamini, sikuhakikisha. Naomba mnisamehe."

Mwanamume mmoja wa mbele aligeuka akasema hajashangaa, kwani mtu ategemee nini kwa asiyefunga. Hajji Zuhair akasimama palepale. Kabla hajasema neno, sauti ya Hajati Mwanawetu ilitoka nyuma ya pazia letu.

"Mimi nafunga tangu kabla wewe hujazaliwa," alisema, "na ningekaa kimya msingejua mpaka Idi. Huyu asiyefunga ndiye aliyepanda ghorofa tatu kuja kutazama. Wewe ulipanda?"

Yule mtu akageuka mbele. Sheikh akaendelea na dua.

Jioni ileile Hajji aliwapigia simu maimamu wengine watano wangoje dakika nne, na siku zilizofuata Lanyero alizunguka misikiti mitano iliyobaki. Wa kwanza uko Kyebando, mtaa wake mwenyewe, ambako muadhini humnunulia maandazi siku za kawaida. Kila mahali alifanya vilevile: anafungua kisanduku, anahesabu vichwa kama alivyofundishwa na baba yake, anafuta, anaeleza, anaomba msamaha. Wengine walikasirika. Imamu mmoja hakutaka saa tena, akaishusha ukutani na kumkabidhi kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, na Lanyero akaibeba.

Wa mwisho ulikuwa Namuwongo, msikiti wa mabati kando ya reli. Alifika karibu na magharibi na mvua ya Machi ikamkuta hapo. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mapaa, maji yanakimbia katikati ya vyuma vya reli, na hapakuwa na mnara, wala ncha, wala jua la kuonekana wala la kuondoka. Alikuwa amekwisha kusahihisha saa na kueleza makosa yake. Bwana Marjan, mzee anayeadhini pale, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaitundika saa ukutani tena.

"Hujaniuliza kama naiamini," Lanyero alimwambia.

"Kwa mvua hii nitamwamini nani?" Marjan alisema. "Kaa hapo kwenye mkeka."

Akakaa. Watu waliingia wakiwa wamelowa, wakapanga bakuli. Mvua ilipiga mabati mpaka maneno yakawa hayafai kitu, na watu thelathini na zaidi wakawa wanatazama tarakimu nyekundu bila kusema, nyuso zao zikiwa na wekundu kidogo. Lanyero anasema hakuwahi kuogopa vile maishani mwake, na hakuwahi kutulia vile. Hesabu aliijua. Alikuwa ameirudia kwa penseli mara tatu. Hata hivyo, tarakimu zilipogeuka na mlio ukalia, alifumba macho.

Alipoyafumbua, mama mmoja alikuwa anamsukumia bakuli la uji wa mtama. Akanywa pamoja nao.

Baada ya hapo aliwaandikia watunzaji wa programu ile, akawaeleza yaliyotokea, akawauliza kama karani hawezi kufundishwa kusema kwamba mbele ya toleo lake limesimama jingine. Aliandika kwa Kiingereza. Majibu yalikuja kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu anayeitwa Anselme, wa Bukavu, ambaye ndiye anayefunga vifurushi vile usiku, baada ya kazi zake nyingine. Alikuwa ameona jina la Kisenyi ndani ya barua. Aliandika kwamba miaka mingi amedhani hakuna anayetumia kazi yake karibu na kwao. Katika toleo lililofuata karani anaonya, kwa mstari mmoja, kwamba kuna nakala nyingine inayotangulia. Lanyero aliliweka toleo hilo kila msikiti, na kila msikiti akahesabu vichwa vilevile.

Imamu aliyeishusha saa yake hajaitaka tena. Yule mwanamume wa mstari wa mbele sasa humsalimia Lanyero, kwa kifupi.

Mwezi wa Shawwal mimi na Hajati tulikuwa tunalipa siku zetu. Hajati alikuwa na saba tu, kwa kuwa tatu za mwisho alingoja. Asubuhi moja nikamkuta Lanyero dukani hanywi chai. Adhuhuri hakula. Saa nane nikaona ameegemeza paji la uso kwenye meza, na midomo imekauka.

Hajati aliposhuka alimtazama mara moja. "Umefunga?"

"Nimeona si haki ninyi mlipe peke yenu."

"Ulikula daku?"

"Daku?"

Hajati alikaa kwenye kigoda kando yake, akamwekea mkono mgongoni. "Mwanangu, funga si hivyo. Utaanguka juu ya mashine za watu. Taqwa, mletee huyu katogo ya ndizi, na iwe na nyama."

Nikaenda kuileta. Lanyero aliila yote mbele yetu sisi tuliofunga, taratibu, macho yake yakiwa mbali. Tulimwacha ale. Alipomaliza akaniuliza mwakani mwezi wa Ramadhani utaandama lini, nami nikamwambia hilo ndilo watu wanalotaka kumuuliza yeye mwenye hesabu.